Sauti ya Tatu Bandani

Ukipita jioni kwenye mabanda ya video ya Kilwa Masoko au Lindi mjini, makelele utakayoyakuta siku hizi ni ya mpira. Ligi ya Uingereza imeyateka mabanda, nayo ina watangazaji wake. Filamu zimehamia kwenye simu: kijana kainamisha kichwa, waya masikioni, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya kioo kwa kasi isiyomsubiri msomaji. Aliyeondoka bila hata kuagwa ni yule mtu aliyekuwa akikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akiisimulia filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiswahili huku yenyewe ikiendelea. Kuna waliomwita mtafsiri na kuna waliomwita DJ. Wenye banda walimlipa kidogo, waliosoma walimcheka, na alipoacha kuja hakuna aliyeandika kwamba ameacha. Nashikilia kwamba mtu huyu alikuwa fundi, kwamba kazi yake ilikuwa na kanuni, na kwamba kanuni hizo pwani hii ilikuwa nazo karne nyingi kabla ya kuona nguzo ya umeme.

Kudharauliwa kwake kulianzia kwenye dhana kwamba kazi yake ni kugeuza maneno. Angekuwa mgeuza maneno tu asingedumu jioni mbili, maana filamu haimsubiri mtu: mwigizaji anaimaliza sentensi kwa sekunde tatu, na Kiswahili chake huenda kikahitaji tano. Fundi alijitoa kwenye mtego huo kwa kuacha kufukuzana na midomo. Alipunguza sauti ya filamu watu walipoanza kuzungumza, akaiongeza muziki na risasi ziliporudi, na katikati ya hapo akachagua. Mkutano mrefu wa majambazi wanaopanga njama aliumaliza kwa sentensi moja. Mama anayemtazama mwanawe bila kufungua kinywa alipewa dakika nzima. Ngumi zilipoanza aliwaachia watu ngumi zao, labda na mguno mmoja wa kumcheka aliyeanguka. Alijua kwamba nusu ya waliokaa kwenye mabenchi na mikeka wameingia kisa kikiwa kimeshaanza, kwa hiyo aliwarudishia nyuma kila baada ya muda, bila kuwachosha waliowahi. Steringi, yaani shujaa wa filamu, alikuwa steringi, adui alikuwa adui, na wahusika wadogo walipata majina kutokana na sura zao: Kipara, Miwani, Mama Mdogo. Wimbo wa Kihindi ulipoingia, wapenzi wawili wakikimbizana kwenye mlima wa theluji, ndipo alipopata nafasi ya kueleza nani ni mtoto wa nani, na kwa nini ndoa ile haiwezekani.

Tuseme gari la adui linaingia mjini Hong Kong. Fundi wa huku kusini angesema limetokea Nangurukuru, njiapanda ya Kilwa, na dereva kalala njiani siku mbili. Msomi angeliita hilo kosa la jiografia. Lakini kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, mvua za masika ziliweza kuifungia mikoa ya Lindi na Mtwara nje ya nchi yake yenyewe, na kila aliyekaa bandani alijua mtu anayefika baada ya safari ya namna hiyo anafika na hasira gani. Kwa neno moja tu, mtazamaji amejua adui ana haraka, amechoka na hana subira. Mtunzi wa filamu alihitaji picha tatu kulisema hilo, tena kwa watu wa kwao.

Ufundi huo Kilwa ilishaujua. Chukua kisa cha kununuliwa kwa Kilwa Kisiwani, ambacho wenyeji hawahitaji kusimuliwa upya: mgeni wa Kishirazi anakipata kisiwa kwa nguo za kukizunguka pande zote, mwenye kisiwa anahamia bara, na moyoni anakusudia kurudi na watu wake maji yakipwa, kwa sababu zamani hizo palivukika kwa miguu. Mgeni atamzuia vipi? Katika tarikh ya Kiarabu ya Kilwa, iliyotungwa karne ya 16, mgeni anauchimba mkondo. Bahari inajaa na haipwi tena. Mwenye kisiwa anafika mahali pake pa kuvukia, anasubiri kama alivyozoea, anaendelea kusubiri, mwisho anakata tamaa. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907, mambo ya kuchimba hayamo: kuna kisomo cha Qurani na sadaka, na bahari inatii. Nani kadanganya? Sidhani kama wasikilizaji wa zamani wangelielewa swali hilo. Mwandishi wa tarikh aliwaandikia watu waliotaka kuona akili ya mfalme; mzee aliyesimulia kwa Kiswahili alikuwa na wasikilizaji waliotaka kuona dua ikipokelewa. Mkondo ukabaki na maji katika simulizi zote mbili, na kisa hakikuvunjika. Kila msimuliaji aliitazama picha ileile, kisha akawageukia waliokaa mbele yake na kuwaambia jambo walilokuwa tayari kulisikia. Binafsi naipenda zaidi ile ya Kiarabu, kwa ajili ya yule mtu aliyesimama ufukweni akingoja maji yaliyokataa kupwa. Ni picha ambayo fundi yeyote wa bandani angeinyamazia.

Mtu wa pwani hii hii ya kusini aliuingiza ufundi huo maktabani. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943, anajulikana zaidi kwa Kinjeketile ya 1969, tamthilia iliyochimbua vita vya Maji Maji vilivyoanzia vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Lakini mwaka 1976 alitoa Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, kazi mbili ambazo hazina kundi la waigizaji wa kugawana sehemu: yupo msimuliaji mmoja, na katika kinywa chake wanapita wote. Wahakiki wakazichambua na vyuo vikazifundisha, kama zilivyostahili. Vijana wa mabanda, ambao pengine hawakuzisoma, waliposhika kipaza sauti na kuwapitisha kinywani mwao polisi, jambazi, mchumba na bibi kizee wa filamu moja, tuliambiwa ni kelele za watu wasio na kazi. Aliyekuja kuukalia chini ufundi wao na kuuandikia kwa kina ni Mjerumani mwingine, mwanaanthropolojia Matthias Krings.

Historia ya kazi yenyewe ni fupi. Waingereza walipozungusha sinema zao za mafunzo Afrika Mashariki kati ya 1935 na 1937, kwa mradi uliokuwa na makao Vugiri huko Usambara, iliwabidi waziambatanishe na maelezo kwa lugha za watazamaji. Sauti ile ilisema kile tu serikali ilitaka kisemwe. Kisha zikaja deki na kanda, na zilitangulia televisheni, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi katikati ya miaka ya 1990. Hapo ndipo msimuliaji alipozaliwa upya, safari hii akiwa hatumwi na mtu. Aliyejulikana kuliko wote ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu. Alianza kwa kusimulia ana kwa ana, kisha akarekodi sauti yake juu ya filamu, na kanda zake zikafika mpaka mahali ambapo gazeti la jana lilifika keshokutwa.

Wapinzani wa ufundi huu wana hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Wa kwanza wanasema msimuliaji alidanganya: aliweka maneno ambayo mwigizaji hakuyatamka, akaondoa aliyoyatamka. Ni kweli. Wanatukumbusha Mwalimu Nyerere, aliyeanza kumtafsiri Shakespeare kwa Julius Caezar mwaka 1963, akaja kuirekebisha, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Huyo ndiye mtafsiri, wanasema, mwenye kuheshimu kila mstari. Nami namheshimu. Ila Nyerere aliwatafsiria wasomaji wenye kitabu mkononi, wanaoweza kurudia ukurasa, na kitabu cha asili kiko rafuni kwa anayetaka kulinganisha. Bandani ukurasa haurudi. Kipimo cha uaminifu pale ni kama watu watatoka wakijua kilichompata steringi na kwa nini, na kwa kipimo hicho wasimuliaji wengi walikuwa waaminifu kuliko maandishi ya chini ya kioo, yanayotoa kila neno na kumwacha mtazamaji gizani.

Wa pili wanasema ufundi huu uliwafanya watu wavivu wa kujifunza Kiingereza. Hoja hii sitaipa muda mwingi. Vijana wa leo wanatazama filamu zilezile kwa Kiingereza kwenye simu, na walimu wa sekondari wa mkoa wa Lindi ndio wa kuulizwa kama Kiingereza kimepanda.

Wa tatu wana uzito zaidi. Filamu hizo hazikununuliwa kihalali. Tangu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 jambo hilo halina utetezi, na waliotengeneza filamu Mumbai au Hong Kong hawakupata senti moja kutoka bandani. Hata watengenezaji wetu waliumia: Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji holela wa filamu za nje. Wizi ni wizi, na sauti tamu haiusafishi. Lakini aliyeiba ni mwenye kunakili kanda. Kusimulia hakukuiba kitu, kuliongeza. Dawa ya wizi ilikuwa leseni na malipo, nasi tunajua inawezekana, kwa sababu mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa TBC kwa Kiswahili, kwa makubaliano halali kati ya nchi na nchi. Baadaye Azam TV ikatuletea tamthilia za Kituruki, nazo kwa Kiswahili. Karatasi zilipopatikana, hakuna aliyekumbuka kumwita fundi wa bandani. Waliitwa waigizaji wa kutia sauti, kila mhusika na wake, midomo na maneno vikiwiana.

Sizibezi sauti hizo. Baadhi ni nzuri sana. Ila zinafanya kazi nyingine. Anayetia sauti anakaa mahali pa mwigizaji na anataka usahau kwamba yupo. Msimuliaji alikaa upande wetu. Alikuwa mtu wa tatu kati ya filamu na watu, aliyeshangaa nao, aliyemwonya steringi asiingie mlango ule, aliyemlaani baba mkatili kabla mama mmoja kwenye benchi hajamlaani. Anayetaka ushahidi kwamba sauti ya tatu ni sanaa kamili aende Kampala. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa vifaa duni kabisa, na filamu hiyo ikaja kupendwa duniani ikiwa na sauti ya msimuliaji VJ Emmie juu yake, akishangilia, akitania, akiwatangaza makomando kama timu inayoingia uwanjani. Watazamaji wa Ulaya na Marekani, ambao hawajawahi kukanyaga banda la video, waliipokea sauti ile kuwa sehemu ya filamu. Uganda iliwathamini mavijei, wasimuliaji wake, Kenya ikampa msimuliaji wake DJ Afro jina kubwa, sisi wa kwetu tuliwaacha.

Wajapani nao walikuwa na wasimuliaji wa sinema bubu, benshi, waliojaza kumbi kwa majina yao kuliko majina ya waigizaji. Sinema za sauti zilipofika waliangamia haraka. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, aliyekuwa mmoja wao, alijiua mwaka 1933. Wale waliuawa na sauti. Wa kwetu walizaliwa kwa sababu ya sauti, sauti yenye lugha isiyoeleweka, kwa hiyo maendeleo ya mitambo peke yake hayatoshi kueleza kufa kwao. Nadhani pigo la kwanza lilitoka ndani ya kazi yenyewe. Kanda ya Lufufu ilipofika kusini, mwenye banda wa Lindi alipiga hesabu: kanda inanunuliwa mara moja, msimuliaji analipwa kila jioni. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa bora, hilo halina ubishi, lakini haikuwaona watu waliokaa mbele yake. Haikujua mvua imenyesha, haikujua nani kafiwa wiki ile na hapendi utani wa jeneza. Nasi tuliikubali badala ya mtu, tukaona tumepata zaidi kwa bei ndogo. Simu ilipokuja ilikuta banda limeshazoea kuzungumziwa na mtu asiyekuwepo.

Kilichobaki ni hizo kanda chache za wakubwa wa Dar es Salaam, nazo unyevu wa pwani hauzihurumii. Utepe unashika ukungu na deki za kuzichezea zimeuzwa kama vyuma chakavu. Vyuo vinavyofundisha fasihi simulizi bado vinawatuma wanafunzi vijijini wakatafute bibi mwenye ngano, na wakimpata wanamrekodi, vizuri sana. Msimuliaji wa bandani, ambaye pengine sasa anaendesha bodaboda Kilwa Kivinje au anauza samaki sokoni, yuko hai, anakumbuka, ana umri wa miaka hamsini na kitu, na hakuna aliyetumwa kwake.