Neno la Kiingereza "Read" na Kushoma kwa Wahaya

Mtoto wa shule katika Bukoba au Muleba hufundishwa mapema ya kwamba neno la Kiingereza "read" maana yake ni kusoma. Hufundishwa hivyo ubaoni na kitabuni, naye husadiki, na mwalimu wake husadiki vilevile. Sisi hatusemi ya kuwa ni uongo. Twasema ni nusu ya kweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo iletayo makosa katika insha, katika tafsiri, na hata katika majina ambayo watu huitana kwa dhihaka. Kwa hiyo tumeona vema kulichungua neno hili pamoja na wenzake wawili, kusoma la Kiswahili na okushoma la Kihaya, ili ionekane wapi yanapopatana na wapi yanapoachana.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Mwingereza husema neno hili juu ya barua na kitabu, kama sisi. Lakini husema pia juu ya uso wa mtu, akiwa na maana ya kutambua yaliyomo moyoni. Juu ya mawingu, akiwa na maana ya kukisia kama mvua itanyesha. Na juu ya mita ya maji. Hata chombo chenyewe cha kupimia joto husemwa kuwa "chasoma" kiasi fulani, ingawa hakina macho. Tena mwanafunzi wa chuo kikuu cha kale husemwa "anasoma" sheria, lakini mtoto wa darasa la tatu hasemwi hivyo. Yeye huenda shule tu. Jambo la mwisho ni la ajabu kidogo: neno hili huandikwa kwa herufi zilezile likiwa la leo na likiwa la jana, na ni sikio peke yake litofautishalo, maana la leo hutamkwa "riid" na la jana "red". Aandikaye hakuambii kama kazi imekwisha au ingali ikiendelea.

Ukitafuta asili yake, utaona sababu ya wingi huo. Zamani sana neno hili la Waingereza halikuhusu vitabu hasa. Maana yake ilikuwa kushauri, kukisia, na kufumbua lililofichwa. Neno lao la kitendawili limetoka katika shina hilohilo, na ndugu yake wa Kijerumani hata leo ni kushauri na kubahatisha. Lakini Wajerumani, waliojenga boma Bukoba mwaka 1890, wakitaja kusoma hutumia neno jingine, ambalo maana yake ya kwanza ni kukusanya, kama mtu achumaye matunda. Na Kilatini ni vivyo hivyo. Waarabu nao hulitaja kwa neno la kutamka kwa sauti, na ndipo jina la Kurani lilipotoka. Basi tuna watu watatu na njia tatu: mmoja hufumbua, mmoja hukusanya, mmoja hutamka. Asemaye ya kuwa kusoma ni kusoma tu, popote pale, hajatazama sana.

Na Wahaya je? Okushoma kulipata nguvu yake katika nchi hii pamoja na dini. Katika Buganda, wamisionari Waprotestanti walifika mwaka 1877 na Mapadre Weupe mwaka 1879, na waliowafuata waliitwa abasomi. Mapadre walipoanzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, jina hilo lilikuwa na njia ya kupita, na kwa Kihaya likawa abashomi. Hata kabla Wajerumani wa misheni ya Betheli hawajafika mwaka 1910, walikuwapo Wahaya wachache waliosoma Maandiko kwa Kiganda, maana Biblia nzima ya lugha hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa chapa mwaka 1896. Omushomi, basi, hakuwa mtu apendaye vitabu tu. Alikuwa mtu aliyeshika njia mpya: aliyeacha mambo kadha wa kadha ya wazee, akakaa miaka katika mafundisho, akingoja ubatizo. Wengine walijua herufi vizuri. Wengine waliishika katekisimu kwa kichwa. Wote waliitwa abashomi.

Hapa pana kosa la kwanza. Vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa Kiingereza huwataja watu hao kwa neno la "wasomaji", lililotokana na "read". Mgeni akilikuta hudhani ni chama cha watu waliokusanyika jioni kusomeana magazeti. Haoni baba aliyemkatalia mwanawe, wala mzee wa ukoo aliyeuliza ni nani sasa atakayewahudumia wahenga. Tafsiri ni sahihi kwa herufi, lakini imepoteza machozi yaliyokuwamo ndani ya neno. Mfasiri angalifanya vema kuliacha neno la wenyeji mahali pake na kulieleza mara moja, kuliko kulivika nguo isiyolienea.

Kosa la pili li shuleni. Mtoto wa Kamachumu huandika kwa Kiingereza ya kwamba dada yake "anasoma" Bukoba mjini, naye hulitumia neno "read". Mwalimu hupiga mstari mwekundu, na darasa hucheka. Ni kweli kwamba Mwingereza hasemi hivyo. Lakini mtoto hakukosa akili: ameifuata lugha yake, ambayo kwayo kusoma ni kukaa chini ya mafundisho, si kupitisha macho juu ya karatasi. Kiswahili nacho kiko upande wake, maana twasema padre asoma misa, na twasema Kardinali Rugambwa alisoma seminari ya Rubya kabla ya kwenda Katigondo, wala hakuna adhaniye ya kuwa alizisoma kuta zake. Mwalimu mwema angemwambia, "Mwanangu, kwetu neno hili ni pana upande huu, kwao ni pana upande ule." Kicheko hakifundishi neno, humfundisha mtoto kunyamaza.

Kosa la tatu ndilo zito, nalo ni la jina Nshomile. Kwa Kihaya ni sentensi kamili: n ni mimi, shom ni kusoma, na ile huonyesha tendo lililokwisha kutimia. Waliozoea tenzi za kale za Lamu wataitambua ile hiyo, kwa kuwa imo katika Kiswahili cha washairi pia. Basi Nshomile ni "nimesoma". Leo Watanzania wengi huwaita Wahaya wote kwa jina hilo, wakiwa na maana ya mtu ajivunaye elimu na kuchanganya Kiingereza hata anapoagiza ndizi. Kijana wa Muleba aliyeachia darasa la saba akauza karanga Dar es Salaam huitwa Nshomile, ingawa daftari lake la mwisho limekwisha kuliwa na mchwa.

Mtu aweza kutujibu ya kuwa huu ni utani tu, na Wahaya wenyewe hulicheka jina hilo, hata hujiita nalo. Twakubali. Utani ni chumvi ya makabila yetu, na anayeukataa hukaa peke yake. Tena si uongo kwamba wako miongoni mwetu waliolistahili jina hilo kwa matendo yao. Shida yetu si kicheko; ni ile ile. Neno la abashomi lilitaja watu walio njiani. Nshomile lamtaja mtu aliyefika. La kwanza lilikuwa na unyenyekevu wa mwanafunzi, la pili lina kiti cha mwenye shahada. Kabila lililopata neno kwa kuanza safari limeachiwa neno la kuimaliza, nalo si haba ya msiba. Hapo Kiingereza kina hekima bila kukusudia: neno lao huandikwa sawasawa leo na jana, wala jicho haliwezi kujua kama msomaji amekwisha.

Na tazameni pia hasara ya upande wa pili. Tukisema fulani "hakusoma", twamaanisha kwamba hajui. Lakini nenda kibanjani kwa bibi wa Ihangiro asiyejua herufi hata moja. Mnyauko wa migomba ulipotokea Muleba mwaka 2006, wakulima waliuona katika majani yaliyonyauka yakawa manjano, katika matunda yaliyoiva kabla ya wakati, na katika ute wa manjano uliotoka shina lilipokatwa. Bibi huyo hupita asubuhi kati ya migomba, husimama, hulishika jani, kisha husema, "Waitu, huu umeingiliwa, usilete panga lako hapa." Mwingereza akimwona angesema pasipo kusita kwamba bibi "anasoma" shamba lake, na angelitumia neno lilelile alilolitumia juu ya kitabu. Sisi, tuliompa mjukuu wake jina la msomi, hatuna neno la kumheshimu bibi. Husema ametambua, tukapita.

Wala si kwamba babu zetu hawakuijua kazi ya kufumbua. Mlaguzi aliyetazama matumbo ya kuku alikuwa na neno lake, okulagura, ambalo ni ndugu wa kuagua la Kiswahili. Lakini neno hilo lilifungwa pamoja na uganga, na dini ilipokuja likabaki nje ya mlango wa shule. Hivyo kufumbua kukaenda upande mmoja na kusoma upande mwingine. Na tangu hapo tumekuwa na watoto wengi wajuao kutamka ukurasa wote bila kukosea, ambao ukiwauliza ukurasa umesema nini, hutazama chini.

Kwa hiyo shauri letu si kuacha maneno yetu na kuchukua ya wageni. Okushoma na kibaki na unyenyekevu wake, na kusoma na upana wake. Lakini mwalimu aandikapo "read" ubaoni, asiandike usawa peke yake. Na aongeze ya kuwa kwa wenye neno hilo, kusoma kulianza kwa kukisia lililofichwa na kushauriana juu yake. Na mtu wa kwetu akiulizwa kama amesoma, ingefaa ajibu kwa neno lisilokwisha: ningali nasoma.