Papo Hapo au Kujiendea? Juu ya Orodha ya Istilahi za Kemia kutoka Kijenge

Tumeletewa orodha ya istilahi iliyoandikwa kwa mkono katika daftari la shule na kundi la wanafunzi wa chuo kikuu ambao makwao ni Kijenge, mjini Arusha. Wakati wa likizo vijana hawa hukutana kurudia masomo ya themodinamiki na kinetiki, yaani zile sehemu mbili za kemia ya kifizikia ambazo huwatoa jasho wanafunzi wengi. Kwa kuwa mihadhara yote hutolewa kwa Kiingereza, waliazimia kuelezana kwa Kiswahili ili kila mmoja ajipime kama ameelewa au amekariri tu. Mkononi walikuwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Pale ilipowaishia wakajiundia maneno yao wenyewe. Wanaomba maoni yetu. Twayatoa hapa mbele ya wasomaji wote, kwa sababu kasoro kubwa tuliyoiona katika daftari hilo si yao peke yao. Twaikuta pia katika tafsiri za watu waliobobea.

Yafaa kwanza tuyatenganishe maswali mawili. Themodinamiki huuliza: je, badiliko hili laweza kutokea, nalo litakomea wapi? Kinetiki huuliza: litachukua muda gani? Jibu la swali la kwanza halitufundishi lolote juu ya swali la pili. Tuchukue gunia la mkaa lililosimama kando ya barabara pale Kijenge. Kwa hesabu za nishati huru, alizoziweka Mmarekani Josiah Willard Gibbs katika maandishi yake ya 1876 hadi 1878, mkaa huo pamoja na oksijeni iliyouzunguka vina kila sababu ya kugeuka kuwa dioksidi ya kaboni saa hii hii. Hata hivyo gunia hukaa miezi, wala hakuna muuzaji anayekesha akiogopa kwamba mali yake itayeyukia hewani. Kinachouzuia mkaa ni kile kizingiti cha nishati ambacho Msweden Svante Arrhenius alikiingiza katika hesabu ya kasi mwaka 1889. Njia i wazi, ila mlango ni mzito.

Sasa tulitazame daftari. Kwa lile neno la Kiingereza ‘spontaneous’, ambalo ndilo mhimili wa themodinamiki yote, vijana wameandika ‘mmenyuko wa papo hapo’. Hapa ndipo tunapopingana nao kwa nguvu zote. ‘Papo hapo’ ni kipimo cha muda. Mtu aliyegongwa na gari akafa papo hapo hakukawia. Mdai anayelipwa papo hapo haambiwi arudi kesho. Basi mwanafunzi anayefunzwa kwamba kuungua kwa mkaa ni mmenyuko wa papo hapo, kisha akaliona gunia limetulia, atafanya moja kati ya mawili: ama atasema kemia ni uongo, ama ataacha kufikiri na kurudia kukariri. Tuongeze kwa haki kwamba hata Waingereza wenyewe huteswa na neno lao, maana katika mazungumzo ya kawaida nalo hubeba harufu ya ghafla. Lakini asili yake ya Kilatini haina haraka ndani yake. Yasema tu kwamba jambo latendeka kwa nafsi yake bila kusukumwa. Hatuna sababu ya kuiazima taabu ya jirani pamoja na kitabu chake.

Tumelipima neno hilo kwa njia nyepesi ambayo twawashauri waundaji wote wa istilahi waitumie: liweke katika sentensi ambayo mtaalamu hulazimika kuisema, uone kama litastahimili. Mwalimu wa kemia hana budi kusema kwamba mmenyuko fulani ni wa namna hii, nao huenda polepole mno. ‘Mmenyuko wa papo hapo uendao polepole’ ni kichekesho. ‘Mmenyuko wa hiari uendao polepole’ unasimama, na wapo waandishi wanaoupenda. Sisi twaona hiari ni ya mwenye akili na utashi, si ya kaboni. Pendekezo letu ni ‘mmenyuko wa kujiendea’. Maji ya Mlima Meru hujiendea bondeni, mengine kwa kishindo na mengine kwa kupenyeza mwambani, na hakuna mswahili atakayesema kwamba yale yaendayo taratibu hayajiendei.

Huenda msomaji akadhani huu ni ubishi wa wanaokaa ofisini. Na aende kwenye maji hayo hayo. Miamba ya volkano ya Meru huyatia floraidi, na chemchemi nyingi za eneo hilo huzidi mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya rangi ya kahawia wanayojulikana nayo wenyeji wengi ni alama yake iliyo nyepesi. Iliyo nzito hupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji yakipungua sufuriani floraidi huzidi kukolea. Dawa iliyotafitiwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, chini ya mlima huo, ni kuyapitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng’ombe iliyochomwa kwa hewa haba.

Kichujio hiki ndicho themodinamiki na kinetiki vikiwa ndani ya ndoo moja. Mkaa wa mifupa hubeba floraidi hadi kiasi fulani tu, kisha hushiba. Ukishashiba, hata maji yakilala humo usiku kucha hautabeba zaidi ya hapo. Hilo ni la themodinamiki. Kwa upande mwingine, mkaa ulio mpya kabisa hautafaa kitu ikiwa maji yatapita mbio, maana floraidi huhitaji muda wa kuifikia mifupa na kunaswa. Hilo ni la kinetiki. Mama wa nyumbani anayeambiwa kwamba kichujio ‘husafisha papo hapo’ atafungua bomba hadi mwisho. Akipimiwa maji na kuambiwa kwamba floraidi ingalimo, ataulizwa kama mkaa umeshiba au maji yamekimbia. Na kama lugha ya maelekezo haikumpa maneno mawili tofauti, atajibu kwa kubahatisha, na pengine atautupa mkaa mzima au kuendelea kunywa kwa mkaa uliokwisha. Katika daftari, habari yote hiyo imeitwa ‘nguvu ya kichujio’. Twapendekeza ‘ukomo wa shibe’ kwa lile la kwanza, na ‘kasi ya kunasa’ kwa la pili. ‘Kufyonza’ tuliache, kinachofyonzwa huingia ndani kama maji katika sifongo, ilhali floraidi hushikwa usoni mwa chembe za mkaa.

Ugonjwa ule ule umeliingia neno ‘imara’. Vijana wameliandika kwa kitu kisichotaka kubadilika na pia kwa kitu kinachochelewa kubadilika, kisha wakatoa mfano wa almasi. Almasi ya Mwadui, katika hewa na kanieneo tuliyomo, iko juu kidogo kwa nishati huru kuliko grafiti ya kawaida kama ile ichimbuliwayo katika miamba ya Merelani. Kwa themodinamiki, basi, almasi ingepaswa kuwa grafiti. Ila kizingiti chake ni kirefu hata pete ya bibi arusi haina la kuogopa. Tusiiite imara. Kitu kilichofika mwisho wa safari yake ya nishati na kiitwe ‘thabiti’, na kile kinachokataa kuondoka ingawa njia yake yateremka kiitwe ‘kaidi’. Almasi si thabiti, ni kaidi. Wenzetu wawili katika ofisi wamelicheka neno hili, lakini hawakulisahau.

Mengine twayapitia upesi. ‘Mtulio’ haufai kwa hali ambamo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi huendelea kwa kasi zilizo sawa. ‘Msawazo’ upo na watosha. ‘Mwendokasi’ kwa kinetiki tulikatae, kwani tangu 2016 neno hilo limepangishwa na mabasi ya Dar es Salaam. ‘Vurugu’ kwa entropia yapendeza mdomoni, lakini vurugu ni ya stendi, wala haipimwi kwa jouli kwa kelvini. Rudolf Clausius alipoliunda neno lake mwaka 1865 kutokana na neno la Kigiriki la mgeuko, alilifananisha makusudi na neno la nishati, nasi twalipokea kama lilivyo. Joto na halijoto wamevitenga vizuri sana. Wameeleza kwamba Arusha, kwa kuwa i juu kiasi cha mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na hivyo anayeongeza kuni chini ya chungu cha maharage anaongeza joto pasipo kuongeza halijoto. Mfano huu tungeutaka uingie vitabuni.

Kwa kile kizingiti cha Arrhenius wameandika ‘nishati ya kuwashia’. Twakiri limetuvutia kuliko yote, kwa kuwa limetoka jikoni moja kwa moja na kila mwenye jiko la mkaa atalielewa kabla ya kuelezwa. Shaka yetu ni kwamba maharage nayo yana kizingiti chake, na hakuna anayeyawasha. ‘Nishati ya kuamshia’ ingewafaa wote wawili, ingawa imepoa kidogo. Pia ‘kichocheo’ ni neno zuri lililotokana na kuchochea moto, ila limekwisha kutumika kwa homoni katika maandishi ya biolojia, na kemia ya mwilini huwakutanisha hao wawili katika ukurasa mmoja. Juu ya maneno haya mawili hatujaafikiana, na daftari limerudishwa Kijenge likiwa na nafasi zake wazi, ili vijana wayajaribu wanapofundishana kabla ya chuo kufunguliwa na watuandikie ni lipi lililoshika.