Tazama Ulipojikwaa

Wahenga waliposema usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa, hawakuwa na habari ya barafu. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali ambapo usemi huo unapimika kwa mita na kwa sehemu za sekunde kama kwenye mchezo wa skeletoni. Mshindani hukimbia ameinama akisukuma sleji ndogo ya chuma, akajitupa juu yake kifudifudi, kichwa kimetangulia, kidevu kikiwa sentimita chache tu juu ya barafu, kisha akateremka kwenye mfereji wenye kona nyingi kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 130 kwa saa. Hana usukani, hana breki. Chimbuko la mchezo huu ni St. Moritz, Uswisi, katika karne ya 19. Uliingia kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928 na 1948, mara zote mbili hukohuko St. Moritz, halafu ukawekwa kando hadi 2002 uliporudishwa Salt Lake City, Marekani, safari hiyo wanawake nao wakiwa na mbio zao. Anayeutazama kwa mara ya kwanza husifu ujasiri. Naona sifa hiyo imepelekwa nyumba isiyo yake. Kinachostahili sifa ni ufundi, na hasa ule wa kuinuka baada ya sleji kupinduka, ambao hauna kishindo na kamera haziungoji.

Ili kuuona ufundi huo, sharti kwanza tujue ajali inavyozaliwa. Sleji hukaa juu ya vyuma viwili vya mviringo, vilivyochongwa vijifereji upande wa nyuma ili viume barafu. Mshindani huiongoza kwa mwili wake: akikandamiza bega la upande mmoja na goti la upande wa pili, fremu hupinda kidogo, chuma kimoja huuma zaidi, na sleji hugeuka. Mambo yakizidi, hugusisha ncha ya kiatu kwenye barafu. Kila amri ya namna hii ina bei, maana chuma kinachouma ndicho kinachopunguza mwendo, kwa hiyo bingwa huamrisha mara chache na kwa wakati wake. Akichelewa kuingia kona, atapanda ukuta mahali pasipofaa, atatoka amekaa vibaya, atagonga upande mmoja wa njia na kurushwa upande wa pili, na kona inayofuata itamkuta amekwisha kupoteza mstari. Huenda akapindukia hapo, mbele ya macho ya watu. Lakini kosa halikuzaliwa hapo. Lilizaliwa kona moja au mbili nyuma, bega lilipokandamizwa mapema mno au kwa kuchelewa, na hakuna mtazamaji aliyeliona. Kwenye barafu, pa kujikwaa na pa kuangukia ni mahali pawili, na katikati kuna mita nyingi za kudhani kwamba mambo bado ni salama.

Sehemu ya kwanza ya ufundi huu, basi, hufanyika kabla ya mtu kuanguka. Wahenga haohao walisema kujikwaa si kuanguka. Sleji ikigonga ukuta, silika humwambia mtu ainue kichwa aone, akaze misuli, avute kwa nguvu upande wa pili. Yote matatu ni makosa. Kichwa kilichoinuka hukamata upepo. Mwili uliokakamaa huurudisha kila mtikisiko kwenye chuma. Na amri kubwa ikitolewa wakati sleji imeanza kuserereka, mserereko hugeuka kuwa mpinduko. Fundi hulegea. Huiacha sleji itulie, huzihesabu sehemu za sekunde zilizopotea kuwa maji yaliyokwisha kumwagika, na hutafuta mlango wa kona inayofuata, basi. Anayetaka kuyazoa maji hayo palepale ndiye anayeongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Haya hayafanywi kwa kufikiri, kwa kuwa mteremko mzima huchukua kama dakika moja. Hufanywa na mwili uliokwisha kufundwa. Na hata sleji ikimtupa, kanuni hazimfungii mlango: akiweza kurudi juu yake mwenyewe na kuvuka mstari wa mwisho akiwa juu yake, muda wake unahesabiwa.

Sehemu ya pili huanza barafu ikiwa kimya. Mshindani na kocha huitazama video, si kwa kurudiarudia picha ya kupinduka, bali kwa kuirudisha nyuma hadi mstari ulipoanza kupotea. Kisha hutembea kwa miguu ndani ya njia ileile, wakiangalia barafu ilivyojengwa ukutani na mahali pa kuingilia na kutokea. Baadaye mtu hufumba macho, akainamisha kichwa huku na huku, akaishuka njia yote akilini kona baada ya kona, hadi kona iliyompindua iwe moja kati ya nyingine, haina jina la kutisha. Anaporudi kwenye barafu yenyewe, anaweza kuanzia chini, kwenye lango lililo karibu zaidi na mwisho, ambako mwendo ni mdogo na mwili unapata nafasi ya kusikia chuma kinasema nini. Seremala aliyekosea kipimo hatupi randa wala hapigi msumari kwa hasira. Hurudi kwenye rula.

Atasema mtu kwamba nimeupamba woga kwa maneno ya karakana, na kwamba bila moyo mkuu hakuna atakayelala kifudifudi juu ya chuma mara ya pili. Moyo unahitajika, sikatai. Lakini moyo, kama kasi ya miguu, unaweza kuletwa kutoka kwingine. Lizzy Yarnold wa Uingereza alikuwa mwanariadha wa michezo saba kabla ya kuchaguliwa kwa ajili ya barafu, akaja kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na tena 2018. Simidele Adeagbo wa Nigeria alitoka kwenye mchezo wa miruko mitatu akafika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka huohuo wa 2018. Wote wawili walikuja na miguu na nia iliyokwisha kukomaa uwanjani. Kusoma barafu hakukuwemo kwenye mizigo yao. Kusoma huko hufundishwa na barafu yenyewe, na ada yake hulipwa kwa michubuko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kusifu kurudi ni kuwahimiza watu warudi kabla ya wakati. Ubongo hauonekani ukichubuka. Pavle Jovanovic, aliyeiwakilisha Marekani kwenye bobsleji, mchezo mwingine wa sleji kwenye barafu, alifariki mwaka 2020, na uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha ugonjwa unaohusishwa na kichwa kutikiswa mara nyingi kwa miaka mingi. Ningekuwa nausifu ujasiri, pingamizi hili lingenimaliza, kwa sababu ujasiri haujui kungoja. Ufundi unajua. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni wanataka anayeshukiwa aondolewe mchezoni mara moja, apumzike kwa kiasi siku moja au mbili, aanze kusogea taratibu, kisha apande hatua kwa hatua, akirudi nyuma dalili zikimzidi. Utaratibu huo unafanana mno na ule wa lango la chini. Na kuna majeraha ambayo jibu lake la kifundi ni kutorudi kabisa. Fundi anayeikataa mbao iliyopasuka hajaacha kuwa fundi.

Yapo pia maanguko ambayo aliyeanguka hakujikwaa popote. Mwezi Oktoba 2005, Mmarekani Noelle Pikus-Pace alikuwa amekwisha kumaliza mteremko wake Calgary, Kanada, pale bobsleji iliyoshindwa kusimama ilipomgonga na kumvunja mguu. Akaikosa Olimpiki ya Torino, akawa bingwa wa dunia 2007, akamaliza wa nne Vancouver mwaka 2010, akapata medali ya fedha Sochi mwaka 2014. Atazame wapi mtu kama huyo? Na Nodar Kumaritashvili wa Georgia, aliyefariki mazoezini Whistler, Kanada, tarehe 12 Februari 2010 kwenye luji, mchezo ulio jirani na huu? Maofisa walieleza kwamba alichelewa kutoka kona ya 15, hivyo akaiingia vibaya ya 16. Maelezo hayo yanafuata usemi wa wahenga neno kwa neno, na bado hayatoshi, kwa sababu nguzo ya chuma aliyorushiwa ilisimama nje ya ukuta mfupi. Baadaye ukuta uliinuliwa na mahali pa kuanzia pakashushwa. Kwa matendo hayo, njia nayo ilikiri kwamba ilikuwa na mahali pake pa kujikwaa. Usemi, basi, haumlengi aliyelala chini peke yake. Unawalenga wote walioshika kazi ile: wanaoelekeza bobsleji, wanaojenga kuta, wanaopima mwendo. Mahali ambapo aliyeanguka ndiye pekee anayeulizwa, ufundi umefanywa nusu, na nusu iliyobaki inangoja mtu mwingine.

Ndiyo maana ufundi huu ni mgumu kuusifu hadharani: ukifaulu, hauachi alama. Fundi cherehani hodari huficha mshono, na anayerudi baada ya ajali huificha kona. Siku hiyo watazamaji wanaokumbuka alipopinduka hujikusanya hapohapo ukutani, wakingoja. Sleji hupita mbele yao imetulia, mabega hayajasogea, nao huondoka wakiamini hawakuona kitu. Kazi ilikwisha kufanyika kona mbili juu, mahali ambapo hakuna aliyesimama.