Kabureta Husingiziwa

Gari likikohoa, likitoa moshi mweusi na kuzimika kwenye mataa, mwenye gari hufika gereji na hukumu tayari: kabureta imekufa. Nami nilifika hivyo hivyo Unga Limited, Arusha, Jumamosi asubuhi, Mlima Meru ukiwa bado haujavaa wingu, nikiendesha Land Rover 109 aliyotuachia baba mkwe. Fundi hakugusa boneti. Aliniambia niiache ingurume yenyewe, akasimama karibu na bomba la moshi, mikono mfukoni, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari.

"Kaka," akasema, "kabureta husingiziwa sana."

Nusu saa nzima ilipita hajaigusa. Alichomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya madigadi kwa mfuatano wa silinda zake. Zilikuwa nyeusi na kavu, mithili ya masizi ya chungu. Akapima mwanya wa pointi kwa kibati chembamba. Akarudisha plagi, akawasha injini, akadondosha oili kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, akategea sikio. Kama pangekuwa na ufa unaovuta hewa, mngurumo ungebadilika. Haukubadilika. Ndipo akamwita chalii wake alete bisibisi.

Nusu saa hiyo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Skrubu hata mimi nafungua.

Injini yenyewe ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoingia kwenye Land Rover mwaka 1958 na kuburuta mabwana shamba, waganga na watalii katika njia ambazo bado hazikuwa barabara. Arusha haijaiweka makumbusho. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalijaa mjini kwa tamasha lao, ya zamani na mapya, na nina hakika si machache yaliyofika pale kwa huruma ya mafundi wa namna hii. Yangu ina kabureta ya Zenith, na kila aliyewahi kuifungua anajua ilipo aibu yake. Ndani yake kuna kipande kinachobeba njia za petroli, kimebanwa na kifuniko cha juu, katikati pameketi oringi ndogo. Joto la injini likishirikiana na mkono mzito wa fundi aliyetangulia, kifuniko hupinda. Petroli hupata kichochoro cha kupenya bila kupita kwenye jeti, na hapo ukizungusha skrubu ya sailensa mpaka kesho, gari halikusikii.

Fundi alikiosha kifuniko katika galoni lililokatwa, akakifuta, akaweka rula ya chuma juu yake na kuielekeza kwenye jua. "Chungulia." Chini ya rula palikuwa na uzi wa mwanga, mwembamba kuliko ukucha.

Duka la jirani lilikuwa na kabureta mpya, kopi inayong'aa. Wengine huiondoa Zenith moja kwa moja na kufunga Weber ndogo, ambayo hubana matumizi na kupunguza nguvu kidogo mlimani. Siwalaumu, mtu ana safari zake. Ila fundi aliitazama ile kopi kama mpishi anavyotazama samaki wa juzi, akaomba kipande cha kioo cha dirisha.

Juu ya kioo alitandika msasa laini uliolowa maji. Uso wa kifuniko akaupaka wino wa kalamu nzito, kisha akaanza kukisugua kwa mwendo wa namba nane, taratibu, kwa uzito wa vidole tu. Kila baada ya mizunguko kadhaa alikigeuza. Mahali palipoinuka wino ulifutika kwanza. Penye bonde ulibaki, kama madimbwi baada ya masika. Alikigeuza kifuniko robo mkononi ili kisile upande mmoja, akaendelea. Madimbwi yakapungua, yakawa doa, doa likaisha. Saa moja na ushee. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa chalii aliyeulizwa mara mbili kama amepata oringi ya kipimo.

Jeti alizipuliza kwa kompresa. Chalii alipotaka kuizibua moja kwa waya alipigwa jicho tu, akauweka chini. Jeti ni ya shaba njano, laini. Waya wa chuma huupanua mdomo wake, na namba iliyogongwa ubavuni inakuwa uongo. Petroli hutaka hewa kama mara 15 ya uzito wake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo gari lililopimiwa pwani likifika huku linakunywa kuliko linavyokula. Fundi alichagua jeti yenye namba ndogo kutoka kwenye kopo la maziwa lililojaa jeti kuukuu. "Ukitaka kushuka Tanga, nipitie kwanza," akasema. Kule jeti hiyo hiyo ingelinyima.

Alifunga skrubu za kifuniko kwa kupishanisha pembe, kila moja kidogo kidogo, akitumia bisibisi fupi ili mkono usipate nguvu ya kupindisha tena kilichonyooshwa.

Stata ikazunguka mara mbili, injini ikashika. Wingu lilikuwa limeufunika Meru mpaka kiunoni. Fundi hakuinama kwenye skrubu ya sailensa mara moja. Alimvuta chalii karibu.

"Fumba macho. Inasemaje?"

Kijana akatulia. "Bado inakunywa."

Fundi akaikaza skrubu robo mzunguko, akamtazama tena.