Usisadiki jibu, hesabu majina

Bandugu mafinalisti, na ninyi mliokwisha kumaliza, leo sikosoi riwaya. Nakosoa aya moja tu ya mwongozo wa Linux, kwenye ukurasa wa amri ya open. Inaeleza namna ya kuunda faili (sisi huku tunasema fishie) juu ya diski ambayo kompyuta nyingi zinaitumia pamoja.

Shida iko hivi. NFS, mfumo wa kushirikiana faili uliotoka kwa Sun Microsystems miaka ya 1980, katika toleo la 2 haukuwa na namna ya kusema kwa pigo moja: unda faili hii, lakini kama iko tayari, kataa. Kompyuta iliuliza kwanza kama jina liko, ndipo ikaunda. Katikati hapo mwenzake anapita. Sisi wa Nyunzu tunaelewa: reli ya Kabalo na Kalemie ni njia moja. Kuchungulia na kuona haina treni siyo kumzuia yule anayetoka upande wa pili.

Aya inashauri utengeneze kwanza faili yako ya pekee, jina lake libebe, kwa mfano, jina la kompyuta na namba ya programu inayotembea. Kisha uipe jina la pili, lile la kufuli, kwa amri ya link. Ikikubali, kufuli ni yako. Ikikataa, hesabu majina ya faili yako ya pekee: yakiwa mawili, kufuli ni yako vilevile.

Hapo mwisho napasifu sana. Kwenye mtandao mbovu seva inaweza kufanya kazi, halafu jibu likapotea njiani. Kompyuta inarudia ombi, inaambiwa jina liko tayari, kumbe ni yeye mwenyewe aliliweka. Basi usisadiki jibu, tazama kitu chenyewe. Lakini aya haisemi hiyo sababu! Inatoa dawa bila kutaja ugonjwa, na sisi tunainakili kama sala.

Mimi niliinakili. Tulikuwa tunaandikisha familia zilizokimbia vijiji, ofisi sitaitaja, na seva ya zamani ya toleo la 2 na laptopu tatu. Ili kuokoa wakati, diski ya laptopu moja ilikopiwa kwenye zile mbili, na zote tatu zikabeba jina moja. Programu ilikuwa inaanza yenyewe laptopu ikiwaka, na siku moja namba nazo zikalingana. Ile faili ya pekee ikawa ya laptopu mbili. Ya kwanza ikapata kufuli. Ya pili ikakataliwa, ikahesabu majina, ikaona mawili, ikaingia. Zote zikaandika orodha, na ya mwisho ikafuta kazi ya mwenzake.

Mama mmoja alikuja na kikaratasi chake cha namba. Jina halikuwemo. Alirudi mara tatu, na ile mara ya kwanza ni mimi nilimwambia hakuandikwa.

Kosa ni langu, lakini lile neno "kwa mfano" lilistahili sentensi moja zaidi: majina yakigongana, hata kuhesabu kunadanganya. Pia aya iko kimya juu ya kompyuta inayozimika ikishika kufuli. Nani ataifungua? Aliyeiandika, naona, umeme haukatiki kwake.

Toleo la 3, la 1995, lilipeleka dawa kwenye seva: ombi linabeba alama ya baiti 8, seva inaitunza na faili, na ombi likirudiwa inalitambua. Linux inalitegemea hilo tangu kerneli 2.6. Mwenye seva mpya atumie hiyo. Sisi tulipa kila laptopu jina lake, nikaongeza kwenye jina la faili namba ya kubahatisha kutoka /dev/urandom, halafu tukaanza kulinganisha vikaratasi na orodha, kimoja kimoja. Yule mama tulimwandika upya siku ileile.