Joto Kwanza: Hedi ya Super Custom Ilivyofunguliwa Nakivale

Toyota iliacha kutengeneza HiAce ya kizazi cha H100, kizazi cha Super Custom, mwaka 2004. Mwaka 2018 Uganda ikarekebisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Ukizisoma tarehe hizo mbili pamoja, jibu linajitokeza lenyewe: Super Custom ya fowili haiji tena kutoka Japani. Zilizopo ndizo hizi tulizo nazo. Anayeua injini ya moja leo hapati nyingine bandarini kesho, na ndiyo sababu kazi niliyoishuhudia hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mwenye gari lililotengenezwa ni jirani yangu, Mkongo, aliyelinunua mkono wa tatu. Hubeba abiria, mahindi na maharage kati ya Base Camp, hapa Nakivale, na mji wa Mbarara, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa. Barabara ni ya vumbi mpaka uikute lami ya Isingiro, na vilima haviishi. Gari likaanza kula maji. Kila jioni rejeta ilipungua, lakini chini hapakuwa na tone, wala mipira haikuwa na ufa. Mshale wa joto ulibaki katikati, kwa hiyo mwenyewe aliendelea kuongeza maji na kusafiri.

Mshale huo usikutulize. Katika magari haya umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Ukiuona unaondoka pale, injini imeshachemka. Tena kipimo chake kinasoma maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua.

Fundi aliyeitwa, kijana wa Kirundi anayefanyia kazi uani kwake, hakugusa spana kwanza. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua mfuniko wa rejeta, akajaza maji hadi shingoni, akawasha. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kisha mfululizo, na kila alipokanyaga mafuta yakazidi. Akafunga mfuniko, akaubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono: ulikuwa mgumu ilhali injini ilikuwa haijapata joto la kuutia presha. Gesi ya silinda ilikuwa inaingia kwenye njia ya maji. Ama gasketi imeungua, ama hedi imepasuka.

Wengi wangekimbilia kufungua hedi hapo hapo. Yeye alitaka kwanza kujua kwa nini gari lilichemka, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ilipookolewa. Hedi mpya ikifungwa kwenye gari ambalo chanzo cha joto hakijaondolewa, itapasuka vilevile.

Vyanzo vilikuwa vitatu. Kati ya rejeta ya maji na ile ya eekondishina iliyo mbele yake palijaa udongo mkavu, mbegu za majani na wadudu, kama ukuta mzima. Kwa nje rejeta ilionekana safi kwa sababu uchafu ulikuwa katikati. Iliteremshwa, ikaoshwa kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mapezi yasilale. Chanzo cha pili kilikuwa feni. Feni ya injini hii huzungushwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukiisukuma kwa kidole inapaswa kukaidi. Hii ilizunguka bure. Mafuta yalikuwa yamevuja, na alama yake ilionekana katikati ya klachi: utelezi mweusi ulioshika vumbi.

Cha tatu kinaniuma zaidi, kwa sababu kinafanywa na watu wenye nia njema. Themostati ilikuwa imeng'olewa. Kuna imani imeenea Afrika Mashariki nzima kwamba nchi ya joto haihitaji themostati. Katika injini ya gari hili, 1KZ-TE, themostati ina sahani ya chini inayoziba njia ya mkato injini inapopata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye kilima, ukiwa na watu na magunia, utaiona.

Ndipo hedi ikafunguliwa. Katika Super Custom injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kazi inafanyika ndani ya gari. Viti vilitolewa, mfuniko wa injini ukatolewa, turubai likafungwa juu kuzuia vumbi, maana chembe moja ya mchanga kwenye silinda inakwangua ukuta wake. Kabla ya kutoa belti ya taimingi, alama za puli zilipangwa na kutiwa rangi. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lina taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Lakini gari la mkono wa tatu halina historia ya kuaminika, kwa hiyo belti mpya ilinunuliwa bila mjadala. Ikikatika, vali na pistoni hugongana, na gharama yake haifanani na bei ya belti.

Hedi ya 1KZ-TE ni ya alumini, bloku ni ya chuma cha kusubu. Alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Injini ikichemka sana, hedi inataka kutanuka na bolti zinaishikilia. Inapinda, au inapasuka pale ilipo nyembamba, yaani kati ya vali ya kuingiza hewa na vali ya kutolea moshi. Kuchunguza jambo hilo hakufanyiki uani. Hedi ilifungwa kwenye blanketi, ikapelekwa Mbarara.

Uamuzi huo wa kugawa kazi ndio ninaousifu zaidi. Kufungua, kusafisha, kupanga na kufunga kulifanyika nyumbani, ambako fundi ana muda na mwenye gari anaona kila bolti. Mbarara ilipewa kile tu kinachohitaji mashine: kupima hedi kwa presha, kuangalia kama imepinda, kuichonga kidogo. Fundi wa mashine alifuta uso wa hedi kwa kitambaa, akamwita jirani yangu karibu. "Mzee, haijapasuka. Imepinda tu. Lakini ungekuja wiki ijayo, ungekuja na chuma chakavu." Nilimwona jirani yangu akishusha pumzi.

Spea nazo zina utaratibu wake. Usiende Mbarara na jina la gari tu. HiAce ni nyingi na injini zake ni nyingi. Nenda na spea ya zamani mkononi na namba iliyo kwenye kibati, KZH106 kwa hili. Gasketi ya hedi ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu inauzwa kwa unene tofauti. Unaochagua unategemea pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku. Muuzaji atakupa iliyopo dukani. Wewe mpe kipimo.

Kwenye kukaza, bolti za hedi zilipakwa mafuta kidogo, zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa spana inayopima nguvu, ya kuazima. Kisha kila kichwa cha bolti kikawekwa nukta ya rangi ya kucha, upande unaotazama mbele ya gari. Kila bolti ikazungushwa robo duara, halafu robo nyingine, mpaka nukta zote zikatazama nyuma. Anayekaza kwa kubahatisha nguvu ya mkono hawezi kupata usawa huo. Themostati mpya ikarudi mahali pake, na rejeta ikajazwa kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua, kwa kuwa maji ya chumvichumvi huacha ukoko ndani ya njia.

Gari likiwa bado limeegeshwa uani, fundi aligeukia magurudumu. Fowili ya gari hili haizimwi; inavuta mbele na nyuma wakati wote, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu hakivumilii matairi yasiyolingana. Alizungusha futi ya fundi cherehani kwenye kila tairi. Mawili ya nyuma, ya mtumba na ya chapa tofauti, yalipishana na ya mbele. Kila kilomita, kifaa hicho kilikuwa kikisuguana kufidia tofauti, na ndiyo sababu gari lilijikaza kwenye kona za lami. Kwa gari la namna hii ni afadhali ununue matairi manne ya mtumba yanayolingana kuliko mapya mawili. Na ukiinua gurudumu moja kwa jeki, usiweke gia injini ikiwa inaunguruma: magurudumu yaliyobaki chini yatavuta na gari litaanguka. Weka mawe, weka ubao chini ya jeki, kwa maana udongo wa huku unalegea.

Mafuta ya difu ya nyuma yalipofunguliwa yalitoka kama chai ya maziwa. Kipumulio kilikuwa kimezibwa na tope, na difu lenye moto likiingia kwenye dimbwi hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Kipumulio kilizibuliwa, mafuta yakabadilishwa. Sili yenyewe bado inavuja kidogo. Ya orijino haikupatikana siku ile, na fundi amekataa kufunga ya feki. Mwenye gari anaangalia mafuta ya difu kila Jumapili, na gari linaendelea na safari za Mbarara, mzigo ukiwa umepunguzwa mpaka sili ipatikane.