Alicia Keys na mkono unaojua kujizuia

"Fallin'" unaanza bila chombo chochote. Ni sauti tupu ya Alicia Keys, ikipanda na kushuka juu ya maneno machache, wala haina papara. Piano inapoingia, inaingia na kodi mbili tu: E maina na B maina. Hizo hizo ndizo zitakazoubeba wimbo wote, kuanzia beti hadi kiitikio, mpaka mwisho.

Kwa mpiga piano wa aina yake, huko ni kujinyima. Alizaliwa Januari 1981, akakulia Hell's Kitchen, Manhattan, na alipofika miaka 7 alishaanza kusomea piano ya kiklasiki. Vidole vilivyokuzwa na Beethoven na Chopin vina mengi ya kutambia, na albamu ya kwanza ndiyo mahali msanii hushawishika kumwaga yote aliyo nayo. Songs in A Minor, albamu yake ya kwanza yenye wimbo huo, ilipotoka Juni 2001, yeye akiwa na miaka 20, ilionyesha kwamba shule ilikuwa imemfundisha pia kipi cha kuacha.

Tuziangalie hizo kodi mbili kwa karibu. E maina ni E, G na B. B maina ni B, D na F-shapu. Noti ya B imo kote kuwili, kwa hiyo kidole kimoja kinaweza kubaki palepale huku vingine vikisogea kidogo tu: E inashuka hadi D, G inashuka nusu hatua hadi F-shapu. Mkono hauhangaiki. Noti zinaachiwa moja moja kwa mwendo wa mapigo sita, na wimbo unabembea.

Kisha kuna hiyo D. Kanuni za darasani zingemtaka aipandishe iwe D-shapu, kodi igeuke B meja, ambayo hulivuta sikio kwa nguvu lirudi kwenye E. Yeye kaiacha ilivyo. Mvuto unakuwa hafifu, kila mzunguko unamalizika bila kufungwa, na papo hapo mwingine unaanza. Wimbo unamhusu mtu anayependa, anachoka, kisha anajikuta amerudi kulekule. Kodi zinafanya kile maneno yanachosema. Kwa kuwa chini hapabadiliki kitu, mabadiliko yote yanatoka juu: violini zinajiunga, waitikiaji wanajaa, sauti yake inakwaruza pale mwanzoni ilipokuwa laini.

Kwingineko anakunjua mikono zaidi, lakini kwa kipimo. "Piano & I", inayofungua albamu, inaanza na Sonata ya Mbalamwezi ya Beethoven, kisha midundo ya hip-hop inaikuta njiani. Hakuna upande unaoomba radhi kwa mwingine, maana mitaa ya New York iliyomlea ilikuwa na vyote viwili. "Butterflyz" aliutunga akiwa na miaka 14. Anauchukua na wimbo wa Prince, ambao Prince mwenyewe aliurekodi kwa sauti na piano bila makeke mengi, na kuuchagua huko kunaonyesha alikojifunzia kujizuia. Ama jina la albamu, yaani "Nyimbo katika A maina", lina utani wake: ni "Jane Doe" peke yake ulio kwenye A maina.

Haya hayakumdondokea. Kampuni ya kwanza iliyomsaini haikuafikiana naye kuhusu albamu iwe na sura gani. Akajifunza kazi ya prodyuza, akatengeneza nyimbo zake akishirikiana na prodyuza Kerry Brothers, kisha akahamia kwa bosi wa muziki Clive Davis, aliyeitoa albamu kupitia J Records. Nyimbo nyingi zimetungwa na kuandaliwa na mtu yuleyule anayezipiga, ndiyo maana piano haisikiki kama pambo lililobandikwa baadaye.

Mwaka 2002 alizoa tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja, ikiwemo ya wimbo bora wa mwaka kwa "Fallin'". Anayedhani ni wimbo mwepesi akae kwenye kinanda chochote, hata cha kwaya, apige E maina na B maina kwa dakika tatu na nusu bila kuchomeka kodi ya tatu. Atagundua kwamba mkono huchoka upesi na unyenyekevu kuliko unavyochoka na mbio.